Mama Ameomba Ukurasa wa Tisini na Moja

Habari ilimkuta fundi miwani ameinamia mashine ya kusagia lenzi, vidole vimepakaa unga mweupe mpaka kwenye kucha. Mkutubi wa maktaba ya mji alikuwa amekuja kuchukua miwani yake iliyolegea mkono mmoja. Akaijaribu mbele ya kioo, akatikisa kichwa huku na huku kuhakikisha haidondoki, akaridhika. Alipofika mlangoni akageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Na Bibi tumeshamwandika. Jumamosi, zamu ya kumi na moja."

"Bibi yupi?"

"Mama yako. Kwani hajakwambia?"

Fundi miwani akazima mashine. Hakuwa ameambiwa. Alichokijua ni kile ambacho mji mzima ulikijua: kwamba riwaya ile inatimiza miaka hamsini tangu ichapishwe, na kwamba maktaba imeamua isomwe yote kwa sauti ukumbini, ukurasa wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni, watu wakipokezana dakika kumi kumi. Mwandishi wake alikuwa karani wa idara ya maji, aliishi katika mji huu huu, na alikwisha kufa zamani. Kitabu chenyewe ni siku moja tu katika nyumba moja ya vyumba sita. Watu wake hawasemi sana, wanawaza. Wanawaza wakifunga vifungo vya shati, wanawaza wakisubiri chai ichemke, na mawazo yao yanakwenda mbele na kurudi nyuma bila kupiga hodi, hata sentensi moja ikaanza ukurasa huu ikaja kupata nukta kurasa tatu mbele. Wanafunzi waliilaani kila mwaka wa mtihani. Walimu waliisifu. Wazee ambao hawakuwahi kuifungua ndio walijivunia kuliko wote.

"Mmempangia wapi?" akauliza, akijitahidi sauti isimtoke kombo.

"Wengine wote tumewapangia sisi. Yeye ameomba mwenyewe. Ukurasa wa tisini na moja." Mkutubi akacheka. "Nikamwambia, Bibi, hapo ni pagumu, ile sehemu ya mpiga pasi haina hata nukta moja. Akanijibu nukta ataweka yeye."

Mkutubi akaaga, akaenda zake. Fundi miwani akaiwasha tena mashine, lakini lenzi aliyokuwa anaisaga aliila mno upande mmoja, ikabidi aitupe na kuanza nyingine.

Ukurasa wa tisini na moja aliujua kama anavyolijua kovu la gotini mwake. Alikuwa na miaka kumi na saba mwalimu alipowagawia vitabu darasani, akasoma huku akipiga miayo, mpaka alipoingia chumba cha nne. Humo mlikuwa na ndoo ya buluu yenye mpini wa waya. Mlikuwa na kioo cha ukutani kilichopasuka kona ya chini, kikazibwa kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Mlikuwa na mwanamke anayepiga pasi nguo za watu, na watoto wake wawili, msichana wa miaka sita na wa kiume ambaye hata kutembea hajakomaa. Ndoo ile ilikuwa ndoo yao. Kioo kile kilikuwa kioo chao. Na karani aliyeandika kitabu ndiye aliyekuwa mpangaji wa chumba cha pili, yule waliyemwita Mjomba Wino, kwa sababu kidole chake cha kati hakikutakata hata siku moja.

Katika kitabu, mwanamke yule adhuhuri moja anaiweka pasi ya mkaa juu ya kigae, anawafungia wanawe ndani, anakwenda stesheni ya treni na kukaa kwenye benchi. Anawaza kurasa nne nzima. Anawaza kwamba mikono yake inawajua watu wa mji mzima kwa kola zao na hakuna hata mmoja anayeijua. Anawaza treni inaishia wapi. Anawaza kwamba harufu ya nywele za wanawe imemchosha. Anarudi taa zinapowashwa.

Jambo lile lilitokea kweli. Fundi miwani alikuwamo chumbani. Alikumbuka ule mstari wa mwanga chini ya mlango, mdogo wake akilia mpaka kwikwi, kisha akilala palepale sakafuni, na sauti ya Mjomba Wino upande wa pili wa mlango ikimwomba amhesabie vitu vya chumbani, kimoja kimoja, polepole. Mama aliporudi hakusema neno. Aliwaogesha, akapika. Baba yao, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha unga, alirudi kazini akakuta mambo yote kama kawaida, na hivyo ndivyo yalivyobaki mpaka alipozikwa.

Basi tangu alipokuwa na miaka ile kumi na saba fundi miwani alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kumlinda Mama asijue kwamba yumo kitabuni. Mwanzoni ilikuwa rahisi. Mama hakujua kusoma. Nyumba ya vyumba sita ilibomolewa, wapangaji wakatawanyika. Redio ikitangaza kipindi kuhusu riwaya, yeye alibadilisha idhaa akisema betri inakwisha. Mdogo wake, aliyekuja kuwa kinyozi mwenye duka lake karibu na kituo cha polisi, aliacha shule mapema na hakufungua kitabu tena, kwa hiyo huko hakukuwa na hatari.

Halafu Mama, akiwa na miaka sabini na moja, akaenda maktaba kujiandikisha darasa la watu wazima. Alisema amechoka kuambiwa na watoto kilichoandikwa kwenye chupa za dawa zake. Na miwani ya kusomea alitengenezewa na nani kama si binti yake mwenyewe, fremu nyepesi ya rangi ya kahawia, lenzi za nambari kamili. Siku Mama alipoivaa na kusoma kibao cha duka herufi kwa herufi, fundi miwani alitokwa na machozi ya fahari. Hakupitiwa na wazo lolote baya.

Sasa wazo lilimpitia, na halikutaka kuondoka. Alijua jinsi Mama anavyosoma: kidole kwenye mstari, silabi kwa silabi, maana ikija nyuma kama mgeni aliyechelewa. Bila shaka kuna mtu amemwambia, Bibi, humo kuna mpiga pasi kama wewe. Akafurahi, akaomba. Atasimama mbele ya watu mia, aanze na pasi na kola za mashati, atabasamu, kisha taratibu, neno baada ya neno, atafika kwenye benchi ya stesheni. Atajikuta mwenyewe pale.

Jumapili alikwenda kwake. Mama aliishi kwenye chumba na sebule ghorofa ya chini, na meza ya kupigia pasi ilikuwa bado dirishani ingawa wateja walikuwa wamebaki watatu tu, wote wazee wenzake. Watu wa mtaa walimwita Bibi Pasi.

"Mama, nasikia Jumamosi unasoma."

"Umesikia vizuri."

"Kitabu kile ni kigumu. Hata waliosoma wenyewe kinawatoa jasho."

"Mimi nina kurasa nne tu, mwanangu. Si kitabu kizima."

"Ungesoma mwanzo, basi. Mwanzo ni mzuri. Kuna jogoo, kuna mvua."

"Jogoo na mvua nimeviona."

"Angalau ufanye mazoezi kwanza."

"Nakala za maktaba ni chache, wamewapa vijana. Nitasoma palepale." Mama alikunja shati, akalainisha kola kwa kiganja. "Wewe una nini? Umekaa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari."

Fundi miwani akasema hana kitu. Akanywa chai yake ikiwa bado ya moto, akaunguza ulimi.

Siku mbili zilizofuata hazikupita vizuri. Dukani alimpa mteja mmoja miwani ya mteja mwingine. Nyumbani mumewe alimuuliza mara tatu kama anataka dirisha lifunguliwe au lifungwe, na mara zote tatu akajibu ndiyo. Jumatano akafanya jambo ambalo baadaye kila alipolikumbuka uso ulimchoma. Alipita kwa Mama kama mtu anayepita tu, akaomba aione miwani, akaishika kwenye mwanga, akaguna kifundi.

"Bawaba hii imechoka, Mama. Itakudondokea siku yoyote. Niachie niitengeneze."

"Mbona mimi naiona nzima?"

"Wewe unaona nzima kwa sababu umeivaa."

Mama alimwangalia kitambo, kisha akampa, pamoja na kitambaa chake cha kufutia. Fundi miwani akaitia mkobani. Bawaba haikuwa na tatizo lolote. Alitembea mpaka kituo cha basi akiwa na roho mkononi kama mwizi wa sokoni, naye alikuwa na miaka hamsini na minane na wajukuu wawili.

Ijumaa mchana mlango wa duka ukalia, akaingia Mama. Alikuwa amekuja kwa miguu, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa meza ya vioo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akangoja zamu yake kama wengine. Wateja wawili walipotoka, akasema:

"Nimefuata miwani yangu."

"Bado, Mama. Kuna kijiskurubu kidogo hakijaletwa."

"Kitaletwa lini?"

"Jumatatu."

"Ahaa." Ukutani nyuma yake palikuwa na fremu mia na zaidi, na visanduku vya skurubu vimepangwa kwa ukubwa kwenye rafu, vingi mno hata asiyeona vizuri angeviona. "Basi nitaazima ya jirani. Ni nzito kidogo, lakini herufi zinaonekana."

Fundi miwani alimwita mumewe kwa simu aje kumrudisha Mama nyumbani kwa gari, kisha akaingia chumba cha nyuma na kukaa juu ya sanduku. Aliyarudia yote kichwani. Kumwambia kweli? Amwambieje: Mama, miaka hamsini watu wanakusoma? Na akimwambia, si ndiyo atakuwa amemsomea yeye mwenyewe, kwa mdomo wake? Alimpigia kinyozi, apate wa kumuunga mkono asionekane anapinga peke yake.

"Mwache Mama asome," kinyozi akasema, mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma ya sauti yake. "Mimi nafunga duka kabisa nije kumsikiliza. Tena nimewaambia wateja."

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka watu wakasimama kati ya rafu. Palikuwa na jukwaa dogo, kiti, meza yenye kipaza sauti, na kengele ya mezani ambayo mkutubi aliigonga dakika kumi zikitimia. Muuguzi alisoma, akafuatiwa na dereva wa teksi, kisha mwanafunzi aliyekimbia maneno kama anakimbizwa. Jogoo akawika kitabuni, mvua ikanyesha. Watu walicheka pasipo na mzaha na kunyamaza penye mzaha, maana kitabu chenyewe ni cha namna hiyo. Fundi miwani alikaa safu ya pili pamoja na mdogo wake. Mkobani mwake, ndani ya kitambaa chake, ilikuwamo miwani ya Mama. Kwa nini alikuja nayo, hakujua. Alikuwa ameitoa drooni asubuhi, akairudisha, akaitoa tena.

Zamu ya kumi na moja ikaitwa. Mama akapanda ngazi mbili za jukwaa, gauni limenyooka pande zote kama limetoka kiwandani. Akakaa, akatoa miwani ya kuazima, kubwa, nyeusi, akaivaa. Akafungua kitabu penye alama. Akakisogeza karibu. Akakisogeza mbali. Ukumbi ukangoja.

"Na," akasoma Mama. "Na pa… na pasi…"

Akakwama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Mtu nyuma akakohoa. Kinyozi akamwinamia dadake.

"Ile yake iko wapi?"

Fundi miwani akaubana mkoba mapajani. Akamwona Mama akiinamisha uso mpaka pua inakaribia karatasi, na mkutubi akiinuka nusu kwenye kiti chake kwa huruma, tayari kumpokea kitabu ampe mwingine. Nafasi ndiyo hii, akawaza. Nikikaa kimya dakika moja tu, yamekwisha. Jambo alilolitaka wiki nzima lilikuwa mlangoni. Na alipoona mkutubi ameunyoosha mkono kweli, na Mama ameshikilia kitabu bila kukiachia, miguu yake ikamsimamisha kabla hajaamua. Alipita mbele za watu akiomba radhi, akapanda zile ngazi mbili, akaikunjua miwani ya kahawia na kumpa.

Mama aliivaa. Akamtazama binti yake vizuri kwanza, kabla ya kitabu.

"Nilijua imepona," akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kikamsaliti, na safu za mbele zikasikia. "Kaa hapa hapa."

Pakaletwa kiti. Fundi miwani akakaa jukwaani, mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu.

"Na pasi ikapoa na hakuichochea," Mama akasoma, kidole kwenye mstari, "na akasema mlango huu nikiufunga nyuma yangu nani atajua niko ndani au niko nje na harufu ya nywele za watoto ikamfuata mpaka barabarani akaikung'uta kama anayekung'uta majivu."

Alisoma polepole. Silabi zilikwenda moja moja lakini hazikujikwaa. Pale ambapo pumzi ilimwishia aliweka nukta, kama alivyoahidi, na kila nukta ilikaa mahali pake. Fundi miwani alisubiri sauti ivunjike. Alisubiri kidole kisite. Mwanamke wa kitabuni akavuka barabara, akapita duka la vitambaa, akafika stesheni, akaketi. Treni ya kwanza ikaja, ikaenda. Kengele ya dakika kumi ikagongwa mara moja, na mzee mmoja kando ya dirisha akasema kwa utulivu, "Mwacheni amalize," na mkutubi akaisukuma kengele mbali na mkono wake.

Mama alisoma habari za mikono na kola. Alisoma kwamba mwanamke yule hakuwachukia wanawe, ila alitaka kwa saa moja asiwe mama wa mtu. Alisoma bila kuinua uso na bila kupunguza sauti. Hapo fundi miwani akaanza kuelewa kwamba mtu anayekutana na maneno kwa mara ya kwanza hasomi hivi. Mdomo ulikuwa unakitangulia kidole. Mara mbili Mama alilisema neno kabla hajalifikia.

Alipofika mwisho wa kurasa zake nne, akasoma, "Na akarudi taa zinawashwa," akasimama. Akaugonga mstari kwa kidole.

"Hapa si kweli," akawaambia watu. "Nilirudi saa kumi. Jua lilikuwa bado kali. Yeye alipenda taa."

Kisha mtu mmoja akacheka kwa mshangao, wengine wakamfuata, wakapiga makofi, na makofi yalipokwisha wengi walikuwa bado hawajui walichokipigia. Mkutubi alishika mdomo. Fundi miwani alihesabu bila kutaka. Adhuhuri mpaka saa kumi. Siku zote alikumbuka giza, alikumbuka kupapasa ukuta akitafuta kiberiti, na sasa hakuwa na hakika kama giza lile alikaa ndani yake au alilisoma tu.

Alipoinua macho kutafuta safu ya pili, kiti cha mdogo wake kilikuwa kitupu, na mlango wa ukumbi ulikuwa unajifunga.

Fundi miwani na Mama walikaa kwenye benchi ya saruji uani mwa maktaba. Ndani, zamu ya kumi na mbili ilikuwa inaendelea. Sauti ya mwanamume ilitoka dirishani bila maneno. Watu wawili watatu walikuja kumpa Bibi mkono, wakaondoka haraka walipoona sura ya binti yake.

"Ulikuwa unajua," akasema fundi miwani.

"Alinisomea mwenyewe. Yote. Kabla hajaipeleka kuchapwa. Mimi napiga pasi, yeye anasoma, siku tano mfululizo baba yenu akiwa kazini." Mama alivua miwani, akaikunja. "Akasema, ukikataa nachana sasa hivi. Nikamwambia usichane. Ila usiniite jina."

"Na yale aliyoandika, aliyatoa wapi?"

"Kwangu. Aliniuliza ulikuwa unawaza nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kabla yake wala baada yake."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Baba yenu alikuwa hai. Halafu nikaona wewe umeshakisoma." Akamgeukia. "Ulirudi shuleni siku moja, ukaanza kusuka nywele kwa jirani. Hukunipa tena kichwa chako. Nikasema, haya, kimemfikia. Nikangoja uniulize. Umengojewa miaka arobaini na moja, mama."

Fundi miwani alitaka kusema kwamba yeye ndiye alikuwa akimlinda, lakini maneno hayo yalimtoka kichwani kabla ya kufika mdomoni. Akauliza lile lingine, lililokuwa chini yake.

"Ungepanda?"

Mama alifikiri. Akaikunjua miwani, akaikunja tena.

"Treni ya kwanza ilipopita nilisema ijayo. Ya pili nikasema ijayo. Ya tatu sikumbuki nilisema nini. Nilikuwa na njaa. Nikarudi."

"Basi hivyo tu?"

"Ndivyo ninavyokumbuka. Nikikuongezea nitakuwa nakudanganya."

Kinyozi hakupokea simu siku ile, wala kesho yake. Jumatatu duka lake lilifunguliwa asubuhi, likafungwa saa tano. Sasa wasiwasi wa fundi miwani ukahama, ukampata mdogo wake. Alimjua: mtu wa mzaha mbele za watu, lakini akiumia hujifungia kama konokono. Jumanne akaenda. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja ndevu, wembe mkononi, wala hakugeuka.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hupokei simu."

"Nina kazi." Wembe ukapita shingoni, ukafutwa kwenye taulo. "Niambie kitu kimoja tu. Nililia?"

"Ulilia. Kisha ukalala."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa macho."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Mteja, mapovu kidevuni, alitazama dari kwa adabu. "Mnajua nyote," kinyozi akasema. "Mji mzima umesoma shuleni. Mimi ndiye mtoto wa kitabuni, na mimi ndiye sijui. Nilikuwa nawaambia wateja njooni mumsikilize mama yangu."

Fundi miwani alimsubiri mpaka amalize kazi, lakini mteja mwingine akaingia, na mwingine, na kinyozi akawapokea wote kwa bashasha kubwa kupita kiasi. Fundi miwani akaondoka.

Wiki mbili zikapita. Kila jioni simu ya Mama ilipochelewa kupokelewa alipiga tena, na Mama akipokea, aliuliza jambo lilelile, "Mdogo wako amekula?" kana kwamba binti yake angeweza kujua. Mambo ya nje yalikwenda vizuri. Mkutubi alimwomba Mama aje kuzungumza na wanafunzi, Mama akasema atakuja wakiwa na maswali mafupi. Fundi miwani naye aliichukua riwaya maktaba na kuanza kuisoma kuanzia ukurasa wa tisini na tano, ambako hakuwahi kufika. Aligundua kwamba ina watu wengine wengi, wenye shida zao, na kwamba chumba cha nne hakitajwi tena.

Jumapili ya tatu yeye na Mama walikuwa mezani kwa Mama, wanakunja mashuka, mlango ukabishwa. Kinyozi. Alikuwa amejinyoa vibaya, kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Alimwamkia Mama, akakaa pembeni ya kiti kama mgeni, magoti pamoja.

"Umekonda," Mama akasema.

"Nimekonda kidogo." Akatazama mikono yake. "Mama, siku ile. Ulitufungia kwa funguo?"

"Kwa funguo."

"Ukazificha mahali? Ukampa jirani?"

"Hapana. Nilikwenda nazo."

Kinyozi akainua uso. Kitu fulani usoni mwake kililegea, kuanzia kwenye paji mpaka mdomoni. "Basi ulikuwa unarudi," akasema. "Mtu hawezi kuondoka moja kwa moja na funguo za watoto mfukoni."

Mama hakukubali wala hakukana. Akainuka, akaenda kuchukua kikombe cha tatu.

Fundi miwani alijua kwamba mtu anaweza kufika mbali sana na funguo mfukoni bila kukumbuka kuwa anazo. Neno lilikuwa ulimini. Alimwangalia mdogo wake, ambaye alikuwa ameanza kuegemea kiti vizuri, akaliacha neno likae palepale. Akamsogezea shuka upande mmoja, naye akalishika, wakalinyoosha na kulikunja pamoja mpaka chai ilipokuja.